Kitabu cha Injini Kwenye Ukuta wa Kamanga

Vitabu vyangu vilianza na karanga. Wajukuu wananiuliza mbona nyumba hii ina vitabu vingi kuliko sufuria, nami sina jibu jingine. Nilikuwa nakaanga karanga na kuziuza kwenye gati la pantoni ya Kamanga, kivuko cha ziwani, upande wa mjini, na karanga haziuzwi kwenye kiganja. Zinataka karatasi.

Zamani, wakati wa foleni za sukari, hata gazeti la mwezi uliopita ulikuwa unaliomba kwa adabu. Halafu ikaja miaka ya ruksa. Mitumba ikaingia, redio za kaseti zikaingia, na ofisi zenye mabango makubwa zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine. Ofisi ikifungwa, meza zinapata wenyewe, viti vinapata wenyewe, hata mapazia yanapata mwenyewe. Vitabu havipati. Viliishia kwa mzee mmoja karibu na soko kuu, pale Nyamagana, aliyekuwa anauza makaratasi kwa kilo. Mzani wake ulikuwa wa kupimia samaki. Juu ya mzani ule nimeona sheria za nchi zikipimwa, zikawa nyepesi kuliko sangara mdogo.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Baba alisema ng'ombe hawajui kusoma na bado wanarudi nyumbani jioni. Kusoma kwenyewe nilikuja kujifunza ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima, ndani ya ghala la pamba, mtoto mgongoni. Kitabu chetu kilikuwa cha kilimo cha pamba. Kwa hiyo neno la kwanza nililolisoma mwenyewe maishani ni "palilia". Sikulifurahia. Nilikuwa nimetoka kupalilia.

Mtu aliyejifunza kusoma hivyo hasomi kama ninyi. Ninyi mnatelezesha macho. Mimi kila herufi naiangalia usoni kwanza, kama mgeni aliyebisha hodi, ndipo naipisha. Iwe Kiswahili, iwe Kizungu nisichokijua, ni hivyohivyo.

Basi nikawa na sheria moja: ukurasa nisiousoma siuchani. Wateja walingoja. Mwanamume mmoja aliwahi kuachwa na pantoni kwa sababu nilikuwa katikati ya maneno yanayohusu sungura kuharisha. Akanitukana pale gatini mbele ya watu. Nikamaliza sungura wangu, nikamfungia karanga zake katika ukurasa huohuo, nikamwambia asome, muda anao.

Vitabu vingine nikashindwa kuvichana. Hicho cha kufuga sungura kilinishinda kilipofika nusu, kwa sababu mtu aliyekuwa nacho kabla yangu aliandika pembeni, kila ukurasa, kwa kalamu ya risasi: "Uongo." Nikataka kujua ataishia kuamini lini. Hakuamini hata mwisho. Nilikuwa na kitabu cha ratiba ya treni za kabla sijaolewa, na humo ndani treni zote zinafika kwa wakati. Nilikuwa na kitabu cha kumfundisha mtu kuogelea, kimelowa maji chote. Nilikuwa na orodha ya simu za mji nisioujua. Na nilikuwa na kitabu cha kofia za wanawake wa Kizungu wa zamani, picha tupu. Kofia moja ilikuwa na ndege mzima amekaa juu yake, mabawa wazi, na mwenye kofia anatazama mbele kana kwamba hajui. Picha hiyo niliitazama karibu kila jioni nikishaosha kikaango. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kumwambia.

Vilianza kwenye sanduku moja la bati chini ya kitanda. Yakawa mawili. Lilipokuja la tatu, kitanda kikawa kimekaa juu ya masanduku badala ya miguu yake. Majirani wakasema wengine wanafuga kuku, mama huyu anafuga karatasi. Binti yangu mkubwa akaniuliza, "Mama, hivi vitu vina faida gani?"

"Havili," nikamwambia.

Sasa nije kwenye kitabu cha injini.

Mbele ya Kisesa kulikuwa na kinu cha kuchambua pamba. Marehemu mume wangu alikuwa mbeba marobota hapo mpaka alipofariki. Kinu nacho kikafungwa kama vingine, na karatasi zake zikaja kwenye mzani wa samaki. Kati yake kulikuwa na kitabu kinene cha Kizungu, jalada jeusi, kinanuka mafuta ya mashine kama shati la mume wangu. Sikukinunua kwa sababu hiyo. Nilikinunua kwa sababu kilikuwa kizito na mzee alikuwa anataka kufunga.

Nyuma ya kitabu kulikuwa na picha za injini, kurasa kama kumi, karatasi nene inayong'aa, imechorwa upande mmoja tu, upande wa pili mweupe. Nikazisoma zote, yaani nikaziangalia herufi na tarakimu zake moja moja, kwa sababu sheria ni sheria. Halafu nikazichana. Zilikuwa karatasi mbaya kwa karanga: karanga zikikaa humo zinatoka jasho, zinalainika. Nikampa mama mmoja Mjita aliyekuwa na hoteli ya chai ng'ambo, palepale Kamanga pantoni inapotia nanga. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, na ukuta ulikuwa unadondosha vumbi kwenye vikombe vya watu. Alitaka kitu cha kubandika. Akanipa chai na maandazi mawili, tukaachana vizuri. Kitabu kilichobaki nikakitia sandukuni, nikakisahau.

Ukapita mwaka na zaidi.

Jumatano moja akaja fundi. Huyu alikuwa fundi wa injini ya kile kinu kwa miaka ishirini, rafiki wa mume wangu, mimi ananiita shemeji. Tangu kinu kifungwe alikuwa anaziba pancha za baiskeli njia panda. Mke wake alikuwa amekwenda kwao Misungwi kusalimia, na watoto wadogo amewachukua. Kusalimia kwenyewe kulikuwa kumefika mwezi wa nne.

"Hodi."

"Karibu, shemeji. Leo imekufa baiskeli ya nani?"

Hakucheka. Akakaa kwenye kigoda, kofia mkononi. Nikajua kuna jambo, kwa sababu kofia ile alikuwa haivui hata kanisani mpaka mwinjilisti amtazame.

Akaeleza. Kinu kimepata mnunuzi, mfanyabiashara. Mnunuzi alileta mafundi wake kutoka mbali. Wakaifungua injini yote, wakapanga vipande kwenye turubai, wakasema sasa wameielewa. Kuifunga ndiko hawakukuelewa. Wakaondoka na basi la asubuhi. Ndipo tajiri akaulizia, akaelekezwa kwenye pancha.

"Kaniambia hivi: Jumamosi injini ikizunguka, mimi ndiye fundi wake, na nyumba ya ndani ya uzio napewa. Isipozunguka, Jumatatu anaiuza kama chuma chakavu, analeta mota ya umeme na mtu wake."

"Nyumba yenyewe si ile ya bati, vyumba vitatu?"

"Ndiyo hiyo. Mama watoto anaijua. Nimemtumia habari. Kanijibu atasikia Jumamosi."

"Injini si unaijua wewe?"

"Naijua kuliko unavyonijua. Lakini yale meno ya mbele sijawahi kuyafungua. Yakipangwa sawa, hayafunguliwi. Kuna magurudumu matatu ya meno, na kuna jino la hili linalotakiwa likae kati ya mawili ya lile. Ukikosea jino moja, injini inajipiga yenyewe mpaka inapasuka. Imo kwenye kitabu, picha za mwisho. Nimekwenda kwa mzee wa makaratasi. Kasema kitabu chochote chenye mafuta kilikwenda kwa mama wa karanga."

Nikainua kitanda, nikatoa sanduku, nikampa. Alikipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto wa ubatizo. Akafungua mwisho. Akapapasa mahali palipochanwa.

"Shemeji."

"Naam."

"Huku nyuma kuko wapi?"

"Ukutani."

"Ukuta gani?"

"Kamanga. Kwenye hoteli ya yule Mjita."

Akafunga kitabu. "Umebandika injini ya watu hotelini?"

"Sikubandika mimi. Mimi nilitoa karatasi."

"Mayu!" akasema, akimwita mama yake kwa kilugha, akavaa kofia, akaaga.

Kesho yake tukavuka na pantoni ya kwanza. Nilibeba kitabu ndani ya khanga, maana niliona akibaki nacho yeye hatakirudisha. Njia nzima alikuwa anahesabu meno kwenye vidole vyake.

Tukaingia hotelini. Nikatafuta injini ukutani, sikuiona. Ukuta ulikuwa mweupe, safi, karatasi kumi zimepangwa kama shuka.

"Mama, karibuni, chai ipo," akasema Mjita.

"Picha zangu ziko wapi?"

"Si hizo hapo."

"Hizi ni nyeupe."

"Dada, picha zile zilikuwa zinafanana na utumbo. Mtu anakula andazi huku anatazama utumbo? Nimezigeuza. Upande safi nje. Huoni nyumba ilivyopata mwanga?"

Fundi akaketi bila kukaribishwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Tubandue zote."

"Nani abandue?" Mjita akaweka birika chini. "Wewe baba, umeona wapi mtu anaingia hotelini, hajaagiza hata chai ya rangi, anataka kula ukuta?"

Nikamweleza habari yote: tajiri, Jumamosi, Misungwi. Aliposikia kuhusu mke aliyekwenda kusalimia akamtazama fundi upya, akamwekea kikombe mbele yake bila kuulizwa. Lakini ukuta hakuutoa.

"Mkibandua zote, vumbi litarudi kwenye vikombe. Wateja watahamia kwa yule mwenye hoteli ya pili. Nilimwona juzi anapaka chokaa."

"Nitakupa ukurasa kwa ukurasa," nikamwambia.

"Sitaki mweupe tena. Nataka wenye picha. Picha ya kueleweka. Na nachagua mimi."

"Utachagua wewe," nikasema. Nilisema upesi, na jambo linalosemwa upesi ninalijua lilivyo, lakini fundi alikuwa ameanza kukwangua pembe ya karatasi kwa ukucha.

"Kama mnabandua, anzeni na ile ya chini karibu na mlango," akasema Mjita. "Ina doa halitoki. Nimelisugua kwa sabuni, nimelisugua kwa majivu."

Fundi akaenda, akainama. Doa lilikuwa alama ya kidole gumba, nyeusi, imekaa kwenye pembe ya karatasi. Akaweka gumba lake juu yake. Vikalingana sawasawa.

"Ni huu," akasema. "Ukurasa mwingine sikuwa na haja nao. Huu ndio nilikuwa naushika, kwa hamu ya kuyaona meno nisiyoyafungua."

Kwa hiyo ikawa karatasi moja tu. Lakini ilibandikwa kwa uji mzito wa muhogo, na muhogo ukikauka ni kama saruji. Tukamwagia maji ya moto kidogokidogo kwa kitambaa, tukangoja, tukavuta. Karatasi ikatoka vizuri, laini, nzima mkononi mwangu. Nikaigeuza. Nyeupe. Nikaigeuza tena. Nyeupe. Ilikuwa imechanika unene wake: mgongo nimeushika mimi, uso wenye picha umebaki na ukuta.

Fundi akashika kichwa. Halafu akaushusha mkono, kwa sababu pale ukutani, juu ya udongo uliolowa, injini ilikuwa inaonekana. Imefifia, lakini ipo, meno yote.

Hakupoteza muda. Akatoa kalamu ya risasi sikioni, akaomba karatasi, akapiga magoti, akaanza kunakili. Akihesabu kwa sauti. Wateja wawili waliokuwa wanangoja pantoni wakageuza viti.

Mimi sikuwa na kazi. Nikanywa chai. Sukari yake nyingi mno. Nikawa naangalia herufi za kwenye ukuta, kwa mazoea, moja moja. Ya kwanza sikuitambua. Nikasema ni Kizungu. Ya pili vilevile. Lakini tarakimu hazina Kizungu, na tarakimu nilizipisha kwa jicho langu mwenyewe siku ile nachana.

"Shemeji, tatu yako ina tumbo upande gani?"

"Niache, nimefika kumi na saba."

"Tatu niliyofundishwa mimi ina tumbo kulia. Hii tumbo liko kushoto."

"Shemeji, nimesema nahesabu."

"Na saba imegeuka. Inamtazama jirani."

Mkono wake ukasimama. Akaangalia ile tatu. Akaangalia karatasi yake, ambayo alishaijaza karibu yote. Alichokuwa anakiona kilikuwa ni uso wa picha, lakini tunautazama kutokea mgongoni kwake. Kulia kwake kulikuwa kushoto kwetu. Jino alilolichora huku lilitakiwa kule.

"Ningefunga hivi," akasema taratibu, "ningezungusha, ingepasukia usoni kwangu. Mbele ya tajiri."

"Unataka chai nyingine?" akauliza Mjita. Hakuwa mtu wa kupoteza mteja.

"Nataka kioo," akasema fundi.

Akaletewa kioo cha kuchania nywele kutoka chumbani, chenye fremu ya pinki. Akakaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, kioo mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia, akaichora injini yote upya akiitazama juu ya bega lake. Ilichukua pantoni tatu. Mteja mmoja aliingia, akamwona, akauliza kama hapa pia wananyoa. Akaambiwa foleni ni ndefu.

Jumamosi nilikwenda Kisesa na beseni la karanga. Watu walikuwa wengi kwenye uzio, na penye watu karanga zinauzika. Tajiri alikaa kwenye kiti chini ya kivuli, saa mkononi. Fundi alivaa ovaroli lake la zamani, limefuliwa. Karatasi ya kutoka Kamanga ilikuwa mfukoni, hakuitoa hata mara moja. Vijana wanne wakashika gurudumu kubwa, wakazungusha. Injini ikakohoa. Ikakaa kimya. Wakazungusha tena, ikakohoa mara mbili, ikatema moshi mweusi uliomfunika tajiri na kiti chake. Ndani ya moshi nikasikia ule mdundo niliokuwa nausikia mume wangu akiwa hai, kila alfajiri ya msimu. Nikainama kuokota karanga zilizomwagika. Hazikuwa nyingi. Niliziokota polepole.

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena ilhali ni safi. Tajiri alitoka kwenye moshi anapiga chafya, akamwuliza nyumba anaihitaji lini.

Mama watoto akarudi wiki iliyofuata. Alisema amechoka kusalimia.

Jumapili baada ya hapo akaja Mjita, amevaa gauni la kanisani, amevuka kwa ajili yangu. Nikamtolea masanduku yote matatu. Alikaa kwenye mkeka tangu saa nne mpaka saa nane. Sungura hakuwataka. Kuogelea akasema ziwa analo mlangoni, na wanaojua kuogelea ndio wanaozama. Halafu akafungua kile cha kofia, nami nikaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa.

"Huyu," akasema.

"Huyo hapana. Tazama na mwingine, kuna wa maua."

"Namtaka huyu mwenye ndege."

"Mwenye maua anapendeza zaidi."

"Dada, ulisema nachagua nani?"

Nilikuwa nimesema. Nikachukua wembe, nikamkata mwenyewe, karibu kabisa na mshono ili wengine wasilegee. Kabla sijampa nikaupitia ukurasa kutoka pembe hadi pembe. Sheria ni sheria.

"Umbandike uso nje," nikamwambia.

"Sasa huyu nani atamgeuza? Huyu si utumbo."

Tangu hapo karanga zangu nilifunga kwa magazeti tu. Kitabu cha injini kikabaki kwangu. Fundi alikiomba kwa upole, akakiomba kwa ukali, akamtuma mke wake. Siazimishi. Akitaka kukisoma anakuja baada ya ibada, ninamwekea maji na sabuni, ananawa mikono, ananionyesha pande zote mbili, ndipo nakifungua. Alikuja Jumapili nyingi. Mchoro wake wa Kamanga nimeubandika nyuma ya kitabu, mahali pa ule ukurasa, uso nje.

Nami mara mojamoja huvuka. Nakaa meza ya karibu na mlango, nakunywa ile chai yenye sukari ya kuua. Moshi wa jiko umekwisha kumfikia yule ndege, bawa moja limekuwa la kahawia, na mende wamekula mkia wake kwa ajili ya muhogo. Mwenye kofia anatazama mbele. Bado hajui.